Namba nzuri, mchezaji mbovu

Aprili 2005, chama cha wachezaji kiitwacho Ascent kilikuwa cha kwanza duniani kumuua Ragnaros, zimwi la moto linalokaa mwisho kabisa wa pango la Molten Core katika gemu ya World of Warcraft. Gemu yenyewe ilikuwa imetoka Novemba 2004. Miezi mitano ilipita watu wakikesha, wakiungua na kurudi tena, mpaka zimwi likaanguka. Agosti 2019 kampuni ya Blizzard ikairudisha gemu ileile ya zamani kwa jina la Classic, na kila mtu akaanza upya kutoka kiwango cha kwanza. Safari hii Ragnaros hakumaliza wiki. Chama kiitwacho APES kilimwangusha ndani ya siku sita, na baadhi ya watu wake 40 walikuwa hawajafika hata kiwango cha 60, ambacho ndicho kilele.

Wapo watakaosema kwamba 2019 mambo yalikuwa rahisi zaidi, na wana hoja. Toleo lililorudishwa lilikuwa la mwishoni mwa enzi ile, wahusika wakiwa na uwezo ulioboreshwa kuliko wa 2005, na intaneti ilikuwa bora. Lakini hata ukiyaondoa hayo yote, pengo kati ya miezi mitano na siku sita halizibiki. Vidole vya binadamu havikuongezeka kasi kwa miaka 14. Kilichobadilika ni yale watu waliyokuwa wanayajua kabla hawajaingia pangoni.

Nimeanza na zimwi hili kwa sababu ya ubishi ninaousikia kila vijana wanaocheza gemu hizi wanapokutana: nani mkali? Majibu huwa matatu. Mkali ni mwenye kiwango cha juu. Mkali ni mwenye silaha adimu. Mkali ni yule ambaye namba zake za kipigo ziko juu ya za wenzake. Nayakataa yote matatu, na hilo la tatu nalikataa kwa nguvu zaidi kwa sababu lina harufu ya sayansi.

Kwa msomaji ambaye gemu kwake ni mpira wa PlayStation kwenye banda la mtaani, maelezo mafupi. Hapa hakuna dakika 90 wala filimbi ya mwisho. Kuna ulimwengu unaoendelea hata ukizima simu, wenye miji, masoko, misitu na mazimwi, nawe unaingia humo kwa sura ya mhusika uliyemuunda mwenyewe: askari, mchawi, mvuvi, mfua vyuma. Maelfu ya watu wengine wamo humohumo kwa wakati mmoja. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, ambako mwaka 1978 Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, kisha Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha hata moja. Ulisoma kwamba mbele yako kuna mlango, ukaandika kwamba unaufungua. Ultima Online ikaja 1997, EverQuest 1999, halafu World of Warcraft ikaufanya mchezo huu kuwa wa mamilioni ya watu.

Bartle huyohuyo, mwaka 1996, aliandika makala akiwagawa wachezaji mafungu manne: wanaotafuta mafanikio, wanaotafuta kujua, wanaotafuta watu wa kukaa nao, na wanaotafuta watu wa kuwaumiza. Mgawanyo huo umetajwa na kila mtu hadi umechosha. Hata hivyo unatukumbusha jambo: tunapobishana nani mkali tunamfikiria yule wa fungu la kwanza peke yake, mwenye vyeo na mapambo. Ragnaros wa 2019 aliuawa na kazi ya fungu la pili, watu waliokaa miaka wakipima kila upanga, wakihesabu ni mapigo mangapi kati ya 100 yatakosa shabaha, wakaandika yote na kuyagawa bure.

Kuhusu kiwango sitakaa sana. Katika Old School RuneScape, gemu ya kampuni ya Jagex ya Cambridge ambayo tangu 2018 inachezwa hata kwenye simu, kila kazi ina viwango hadi 99. Ukifika 92 unaweza kudhani umebakiza hatua chache. Kumbe uko nusu ya njia: kiwango cha 92 kinahitaji alama 6,517,253 na cha 99 kinahitaji 13,034,431. Nusu hiyo ya pili haikufundishi chochote ambacho hukukijua. Unakata mti uleule, unavua samaki yuleyule. Ni saa za kukaa kitini. EVE Online ya kule Iceland imekwenda mbali zaidi: ujuzi wa mhusika hupanda kwa saa ya ukutani, hata ukiwa umelala au uko kazini, kwa hiyo rubani wa miaka kumi anaweza kuwa mtu aliyelipa ada ya kila mwezi na kulala vizuri. Silaha adimu nayo, ama umeipata kwa bahati, ama umebebwa na wenzako, ama umeinunua kwa fedha halali au za uchochoroni. Yaishe hapo.

Kuna jambo moja kwenye RuneScape ambalo haliuziki sokoni: joho la moto. Kulipata, unaingia peke yako katika pango lenye mawimbi 63 ya maadui, na wimbi la mwisho ni TzTok-Jad. Kufika kwake si kazi ya dakika chache, na kwa mgeni ni jioni nzima. Jad akikupata sawasawa anapunguza hadi pointi 97 za uhai, wakati binadamu aliyekamilika ana 99. Kinga ipo. Unawasha sala moja dhidi ya uchawi wake, nyingine dhidi ya mawe anayokuangushia, na haziwaki zote mbili kwa pamoja. Lazima umtazame. Akiinuka, miguu ya mbele ikining'inia hewani, unakuja moto wa uchawi. Akiikita miguu hiyo ardhini, mawe yanashuka. Ni hayo tu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kueleza.

Sasa tazama mtu akifanya. Mizunguko mitano ya kwanza anapatia. Uhai wa Jad ukifika nusu, wanatokea viumbe wadogo wanne na kuanza kumponya bosi wao, na hapo ndipo wengi hufa. Mchezaji anageuza macho kuwatazama wale wadogo, nusu sekunde tu, na mguu umeshagonga ardhi. Anaanza upya kutoka wimbi la kwanza. Hakuna lililopungua katika ujuzi wake: alijua alama zote, silaha ilikuwa ileile, kiwango kilekile. Kilichomponyoka ni jicho. Mtu aliyewahi kumuua Jad mara ishirini hafanyi haraka kuliko huyu. Ukimwangalia utadhani anasinzia. Anawapiga wale wadogo mmojammoja kati ya pigo moja la Jad na jingine, kwa sababu anajua kati ya mapigo hayo ana nafasi, naye anaitumia yote bila kuizidisha. Bingwa wa bao huwa na utulivu wa namna hiyo: mkono unasubiri, hesabu imeshakwisha.

Lakini Jad ni mapambano ya mtu mmoja. Gemu hizi zimeumbwa kwa ajili ya watu wengi, na hapo ndipo kipimo kinapokuwa kigumu, maana mtu mahiri peke yake anaweza kuwa balaa kundini.

Turudi Molten Core. Kabla ya Ragnaros unakutana na Baron Geddon, kiumbe wa moto anayechagua mtu mmoja kati ya 40 na kumgeuza bomu. Una sekunde nane. Ukilipukia katikati ya wenzako, waliokuzunguka wanaungua na kurushwa juu, na wengine hawainuki. Ukikimbia mbali ukalipukia peke yako, mganga wa kikundi anakuwahi na maisha yanaendelea. Amri ni fupi: ukiwa bomu, ondoka. Lakini aliyekuwa katikati ya kupiga pigo zuri, akiona namba yake inapanda, hujiambia amalizie hili moja. Sekunde mbili zimekwenda. Kisha anageuka, hajui njia ipi haina watu kwa sababu tangu mwanzo alikuwa anatazama vitufe vyake tu, anakimbilia walipo waganga. Wanakufa watano. Usiku umeharibika. Na ukifungua jedwali la kipigo, huyu bwana yumo kwenye nafasi tatu za juu.

Kwa wasioyajua majedwali hayo: ipo tovuti iitwayo Warcraft Logs ambayo huchukua kumbukumbu za kila pambano na kumlinganisha kila mchezaji na wengine duniani wa aina yake. Matokeo yanakuja kwa rangi. Ukiwa chini ya robo, kijivu. Kijani, bluu, zambarau, kisha rangi ya chungwa kwa walio kwenye asilimia tano za juu, waridi kwa asilimia 99, dhahabu kwa aliyewapita wote. Ni chombo kizuri sana, na kiongozi wa chama anayekitumia vizuri anaona ni nani alikufa, lini, na kwa nini. Tatizo ni kwamba watu wengi hawafungui ukurasa wa vifo. Wanafungua ukurasa wa rangi. Vijana wanadaiwa kuonyesha chungwa ili wapokelewe, nao wanajifunza kutengeneza chungwa: kusimama motoni ili pigo lisikatike, kumwachia mwingine kazi ya kumkatiza adui anayetamka laana, kutunza dawa kwa ajili ya namba badala ya uhai. Aliyeacha kupiga kwa sekunde tatu ili amkatize adui amepoteza bluu yake ikawa kijani, na kikundi kizima kimepona kwa ajili yake bila kujua.

Wajapani wa Final Fantasy XIV walijaribu njia nyingine. Gemu hiyo ilitoka 2010 ikaanguka vibaya, ikafumuliwa yote na kurudi 2013 chini ya Naoki Yoshida. Humo, programu za nje za kupimana zimekatazwa kwa kanuni. Watu wanazitumia kimyakimya, kila mtu anajua, ila ole wako ukimtukana mwenzako kwa namba zake. Pambano likiisha, kila mchezaji anaweza kumpa mwenzake mmoja kura ya pongezi. Wakati mwingine kura inakwenda kwa aliyevaa vizuri, siwezi kukataa. Lakini mara nyingi nimeona ikienda kwa mganga aliyewafufua wawili wakati kila mtu ameshakata tamaa, au kwa yule anayebeba kipigo cha bosi ambaye alimgeuza zimwi uso upande wa ukuta ili pumzi yake ya moto isiwafikie walio nyuma. Hakuna tovuti inayopaka rangi jambo la namna hiyo.

Zamani hakukuwa na haja ya rangi wala namba. Katika miaka ya kwanza ya World of Warcraft uliishi kwenye seva yako kama mtu anavyoishi kijijini: ukiiba ngao ambayo kikundi kilikubaliana apewe mwingine, kesho yake hakuna aliyekuita. Jina lako lilitangulia. Vyama vya EverQuest vilikuwa vimeshabuni hata daftari la pointi za kuua madragoni, ili aliyehudhuria na kuvumilia apate haki yake bila kelele. Desemba 2009 Blizzard ikaleta mtambo wa kuwakutanisha wachezaji wa seva mbalimbali kwa kubofya kitufe kimoja. Foleni zikaisha, na mimi sitajifanya kwamba zile saa za kusimama mjini ukitafuta mganga zilikuwa tamu. Ila tangu siku ile ukawa unapigana bega kwa bega na mtu ambaye hutamwona tena maishani. Sifa ikafa, na mahali pake pakahitaji kitu cha haraka cha kumtambulisha mgeni. Namba ilikuwa imekaa pale ikingoja.

Nasikia pingamizi: mbona umesema 2019 walishinda kwa maarifa, na maarifa yenyewe siku hizi yanapatikana kwa kila mtu? Basi umahiri ni kusoma maelekezo tu. Ndiyo na hapana. Kusoma maelekezo ni kujua kusoma na kuandika. Asiyejua atasumbua wenzake, anayejua hajawa mshairi. Mpango ulioandikwa unadhani watu wote wako hai, kila mmoja yuko mahali pake, na hakuna aliyekwenda kufungua mlango. Ile video maarufu ya Leeroy Jenkins ya Mei 2005, ambayo watu wengi hudhani ilikuwa ajali ya kweli, ilikuwa igizo la kuwakejeli wapangaji wa namna hii: kikundi kinajadili asilimia za kunusurika mpaka desimali, mwenzao mmoja anarudi kutoka pembeni, hakusikia lolote, anaingia mbio akipiga kelele za jina lake, wote wanakufa. Kichekesho kipo kwa wale wenye desimali kuliko kwa Leeroy.

Ndiyo maana nawaheshimu wanaowania kuua bosi mpya kabla ya mtu yeyote duniani, kwa sababu wao hawana maelekezo ya kusoma. Chama cha Method cha World of Warcraft mwaka 2017 kilijaribu kumuua bosi aitwaye Kil'jaeden zaidi ya mara 600 kabla hajaanguka. Watu 20, mara 600. Asiyewahi kucheza anaona wendawazimu. Ukiwatazama wakifa, unaona vifo havifanani. Cha kwanza ni cha kutojua, cha mia mbili ni cha kupima kama mtu mmoja anaweza kustahimili kile kilichokuwa kinawaua watatu, cha mia tano ni cha uchovu. Baada ya kila kifo kuna sauti chache kwenye vipaza sauti: nilichelewa, nilisogea kushoto, kinga yangu ilikuwa bado. Hakuna hotuba. Mtu anayesema “nilichelewa” kwa sauti ya kawaida, mara ya 400, saa nane za usiku, ana kitu ambacho hakifundishwi na tovuti.

Upande wetu huu wa dunia una somo lake. Wakati Ascent wanamuua Ragnaros, Dar es Salaam na Nairobi zilikuwa zinategemea satelaiti, ishara ikipanda kilomita 36,000 angani na kushuka, nusu sekunde na zaidi kwa safari ya kwenda na kurudi. Waya wa kwanza wa baharini kuanza kazi, SEACOM, uliwashwa Julai 2009. Bado seva za gemu hizi kubwa haziko kwetu, na mwanga wenyewe ndani ya waya una mwendo wake: kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Hata waya ungenyooka kutoka Dar mpaka Frankfurt, kwenda na kurudi ni kama milisekunde 70, na waya haujanyooka. Unazunguka pwani na Bahari ya Shamu. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini, watu walijua gemu imekwisha kabla ya kusoma habari.

Mchezaji mahiri wa huku, basi, anajua vitu ambavyo mwenzake wa Ujerumani hana haja ya kuvijua. Anajua kwamba RuneScape husogea kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hiyo ucheleweshaji wa robo sekunde unamezwa humo, na joho la moto linapatikana hata kwa simu na bando la usiku. Anajua kwamba World of Warcraft hukubali ubonyeze pigo linalofuata hadi milisekunde 400 kabla lililopo halijaisha, kwa hiyo anabonyeza mapema na mashambulizi yake yanatiririka. Anajua pia pale ujanja huo usipofaa: kumkatiza adui anayetamka laana ya sekunde moja. Hapo haoni haya kusema kabla ya pambano, “kumkatiza mpeni mwingine, mimi nitabeba kazi nyingine.” Nimewasikia viongozi wa vikundi vya Ulaya wakilichukulia hilo kama udhaifu. Kwangu mimi ni kinyume chake, maana aliyesema hivyo amewapunguzia wenzake jambo moja la kubahatisha.

Kuna gemu moja ambayo hata haifichi kwamba vidole si hoja. Januari 2014, katika EVE Online, muungano mmoja ulishindwa kulipa ada ya kumiliki mfumo wa nyota uitwao B-R5RB. Bili tu, kama ya umeme. Maadui wakaona umiliki umelegea, wakavamia, na kwa saa zipatazo 21 zaidi ya wachezaji 7,500 walihusika. Seva ilizidiwa hadi ikapunguza mwendo wa wakati, jambo la sekunde moja likichukua kumi. Meli 75 za aina kubwa kabisa ziliteketea, na hasara yote ikakadiriwa kuwa karibu dola 300,000 za Marekani. Katika wakati unaotambaa namna ile, kasi ya mkono haina maana yoyote. Walioamua vita ni waliojua kuwaamsha watu wa nchi nyingine usiku wa manane, kuwapanga, kuwashawishi wasikimbie meli zao za miaka zikiungua. Na kabla yao wote, mtu aliyepaswa kuangalia kama bili imelipwa.

Ningekuwa na kazi ya kuchagua watu 20 wa chama, nisingeanza na rangi. Ningemwomba kila mmoja anionyeshe pambano walilopoteza, nimuulize alikufa vipi. Atakayesema mganga hakumponya, namshukuru kwa muda wake. Atakayesema, “kinga yangu niliitumia sekunde 20 mapema, nilidhani pigo kubwa ni lile la kwanza,” nitamwandika hata kama jedwali lake lote ni bluu, kisha nitamuuliza anapatikana siku zipi, na mtandao wake ukoje mvua ikinyesha.